Kiangazi cha Kanada ni kifupi: wimbo upi uingie kwenye listi na upi ubaki nyumbani

Mwaka jana mwezi wa saba nilifanya kosa moja ambalo shemeji yangu mpaka leo hajalisahau. Tulikuwa kwenye gari tunaenda Wasaga Beach, watu saba na masufuria nyuma, mimi ndo nimekabidhiwa simu niweke muziki, na kwa vile nishakaa Ontario miaka kadhaa najiona mjuaji, nikatangaza kwamba leo tunapiga vya hapa hapa, hakuna Bongo Fleva mpaka tufike. Nikaanza na Gordon Lightfoot, The Wreck of the Edmund Fitzgerald. Gitaa tamu, sauti nzito ya mtu mzima, watoto huko nyuma wameshavaa maboya yao kabla hata hatujatoka mjini. Dakika ya tatu hivi shemeji, mtu wa Mwanza huyo, akauliza, "Kwani huyu anaimba nini?" Nikamwambia ni meli ya mizigo ilizama Lake Superior usiku wa tarehe 10 Novemba 1975, walikuwemo watu 29, hakupona hata mmoja. Akanyamaza kidogo. "Yaani mimi nimekua na habari za MV Bukoba, halafu unanipeleka kuogelea na wimbo wa meli kuzama? Toa." Nikatoa. Na wimbo wenyewe una dakika sita na nusu, hata nusu tulikuwa hatujafika.

Sio wimbo mbaya jamani, tena kwangu mimi ni kati ya kazi bora kabisa za yule mzee (alifariki Mei 2023, apumzike). Na ukifikiria kwamba kwa ukubwa wa eneo Superior ndo ziwa la kwanza duniani kwa yale yasiyo na chumvi, na letu la Victoria ndo linafuata, basi mtu wa Mwanza anauelewa huo wimbo kuliko hata Wakanada wenyewe. Tatizo ndo hilo hilo, kauelewa sana. Huo ni wa Novemba, upepo unagonga dirisha na wewe uko ndani na kikombe cha chai. Julai sio pake.

Sasa mdogo wangu kahamia Toronto mwaka huu, kaniomba listi ya nyimbo za kiangazi za hapa, za magitaa, zile za folki na indi (bendi zinazojitegemea), sio za klabu. Nimemwambia sikupi listi, nakuwekea mbili mbili ubavu kwa ubavu uchague mwenyewe, ila nakwambia kabisa mimi ningechukua upi. Na kigezo changu sio wimbo upi ni maarufu. Kigezo ni utapigwa wapi: garini, kwenye moshi wa nyama, gatini, au kwenye moto usiku. Wimbo mmoja mmoja una mahali pake, ukiuhamisha unaharibu siku ya watu kama nilivyoharibu mimi.

Mtu anaweza kuuliza hizi nyimbo nimezijulia wapi. Ghalani. Kazi yangu ya kwanza huku ilikuwa kupanga maboksi shifti ya usiku, na juu ya shelfu kulikuwa na redio imezungushiwa selotepu, haizimwi wala stesheni haibadilishwi. Na sheria ya hapa tangu 1971 inazibana redio zipige muziki wa nyumbani, walianza na asilimia 30 na siku hizi redio za biashara ni 35, kwa hiyo ukikaa na redio masaa manane kila usiku Neil Young utamjua upende usipende. Ndo maana pia nyimbo hizi babu anazijua na mjukuu anazijua, na wewe mgeni ukialikwa kula nyama kwa Mkanada tarehe 1 Julai, sikukuu yao ya taifa, ukiweza kuitikia kiitikio kimoja tu, sahani ya pili unapewa bila kuomba.

Haya, garini. Hapa watu wengi watakwambia Sundown, Lightfoot huyo huyo, na kweli ulikuwa namba moja Marekani Juni 1974 kwa hiyo ni wimbo wa kiangazi kwa cheti. Jina lenyewe linakudanganya, unawaza jua linazama mtu anakunywa kitu cha baridi, kumbe jamaa anaungua na wivu, anamuonya mtu asije akanyatia ngazi za nyuma za nyumba yake. Biti inatembea vizuri sana, hilo silikatai, ila kwenye gari lenye wanandoa wawili watatu sishauri, mtu anaanza kumwangalia mwenzie kwenye kioo. Ubavuni mwake weka Big Yellow Taxi ya Joni Mitchell, 1970. Huyu mama kazaliwa Alberta kakulia Saskatchewan, lakini wimbo ulimjia Hawaii, aliamka hotelini akafungua pazia akaona milima ya kijani kule mbali halafu akatazama chini akakuta pakingi, imeenda mpaka macho yanapoishia. Ukitoka Toronto kwenda kaskazini na barabara ya 400 ukakwama kwenye foleni pale Vaughan, kushoto maduka na pakingi, kulia pakingi na maduka, utajua mwenyewe kwa nini nauchagua huu. Una dakika mbili na kidogo tu na mwishoni anaachia kicheko, watoto wanapenda kukiiga. Kwa hiyo kwa foleni, Joni. Sundown mwekee dereva akiwa peke yake anarudi.

Foleni ikishafunguka kuna wimbo hauna mpinzani kwangu, Nowhere With You wa Joel Plaskett, 2005. Jamaa wa Dartmouth, ambako ni ng'ambo ya bandari ya Halifax, yaani kama Kigamboni na Posta, hadi pantoni wanayo. Hauna falsafa, ni mtu anataka kwenda popote mradi mko wote. Fungua madirisha.

Sasa kwenye nyama. Hapa ndo napogombana na vijana, maana wao wanataka Anthems for a Seventeen-Year-Old Girl ya Broken Social Scene, kundi la Toronto ambalo lina watu wengi hadi unasahau nani ni nani, albamu ya 2002. Aliyeimba ni Emily Haines, sauti wameipitisha kwenye mashine ikawa kama ya mtoto anayeongea kwenye simu ya waya, chini kuna banjo na fidla, na katikati anarudia maneno yale yale machache tena na tena kama mtu anayehesabu tasbihi. Ni mtu anamlilia rafiki aliyebadilika, aliyekuwa mmoja wetu zamani. Ukiusikiliza peke yako kwenye basi saa mbili usiku, unaweza ukashuka kituo sio chako. Lakini kwenye jiko la mkaa, watu wanapokezana koleo na pilipili, huo wimbo unapotea, hakuna anayeusikia vizuri na anayeusikia anakuwa mnyonge.

Mpinzani wake ni Archie, Marry Me wa Alvvays, 2014. Hilo jina wanaandika na v mbili kwa sababu kulikuwa na kundi jingine linaitwa Always, usifikiri ni makosa ya mchapaji. Anayeimba ni Molly Rankin, binti wa John Morris Rankin, mpiga fidla wa ile familia ya muziki ya Cape Breton, kwa hiyo folki kaikuta nyumbani ila yeye kaja na magitaa yenye mwangwi. Sasa sikiliza anachosema: binti anamwambia mchumba wake, wewe una madeni ya shule, mimi siko tayari kungoja, tuachane na kadi za mialiko na mambo ya maua, twende tukasaini karatasi yaishe. Nilipoelewa nilicheka peke yangu ghalani. Huyu ni mtu aliyekimbia kamati ya harusi! Angezaliwa Dar angekuwa kwenye magrupu manane ya WhatsApp ya michango, mwenyekiti anamkumbusha ahadi yake kila asubuhi, ukumbi haujalipiwa, mpishi anataka advansi. Kila Mtanzania niliyemtafsiria huu wimbo kasema huyo dada tumpe uraia. Na kiitikio kinapanda juu kiasi kwamba hata asiyejua Kiingereza anaweza kupiga kelele "Aaarchie" na koleo mkononi. Unashinda, tena kwa mbali.

Kama kuna watoto wadogo wengi, weka Feist, 1234, ule wa 2007 uliosikika kwenye tangazo la iPod, na mwaka uliofuata akauimba upya na vikaragosi wa Sesame Street kuwafundisha watoto kuhesabu mpaka nne. Ana mwingine, Mushaboom, wa 2004, jina la kijiji huko Nova Scotia, mtu anaota kanyumba shamba na maisha ya polepole. Huo waachie wale wakubwa mezani wanaoongelea bei za nyumba, maana kuota ndo kumebaki.

Gatini. Kwa asiyejua, watu wa huku wenye uwezo wana vinyumba vyao kando ya maziwa, koteji, na wasio na uwezo kama sisi tunachanga tunakodi siku tatu wikendi ndefu. Mbele ya nyumba kuna gati la mbao limeingia kwenye maji. Mnakaa pale jioni miguu imening'inia, mbu wanakula, na wimbo unaopigwa pale lazima uwe na nafasi katikati, maana watu wanaongea kidogo kidogo wananyamaza. Hapa kuna wagombea wawili wazito kweli na mimi mwenyewe nimebadilisha msimamo.

Wa kwanza Bobcaygeon, The Tragically Hip, 1998. Wenyewe ni bendi ya roki ya Kingston, lakini huu unaanza na gitaa la kawaida kabisa na unatembea taratibu. Bobcaygeon ni mji mdogo wa kweli, kama masaa mawili kutoka Toronto, kwenye maziwa ya Kawartha, una mageti ya kupandishia maboti kutoka maji ya chini kwenda ya juu. Jamaa kwenye wimbo anafanya kazi ya kutuliza ghasia mjini Toronto, kachoka, anaikumbuka asubuhi moja kule kijijini na usiku wake, nyota zinajitokeza moja baada ya nyingine. Nilikuwa sielewi kwa nini Wakanada wanakuwa kama wanasali huo ukipigwa, mpaka siku moja nikawa gatini kweli, taa zimezimwa, nikaanza kuhesabu: moja, ile pale ya pili, halafu ukifumba macho ukifumbua ziko ishirini. Ndivyo zinavyotoka, mjini hatuoni tu. Kuna jambo jingine limeupa uzito. Mwimbaji wao Gord Downie alipata saratani ya ubongo, bendi ikazunguka nchi nzima kuaga, na onyesho la mwisho Agosti 20, 2016 huko kwao Kingston lilirushwa mubashara na CBC, shirika la utangazaji la taifa, watu kama milioni 11 na laki saba walilitazama, hii nchi wakati huo ilikuwa na watu kama milioni 36. Alifariki Oktoba 2017. Kwa hiyo usiuweke halafu ukapiga soga juu yake mbele ya Mkanada wa makamo. Nyamaza mpaka uishe, ndo adabu.

Wa pili Harvest Moon wa Neil Young, 1992, wimbo wa mtu aliyekaa na mkewe miaka mingi na bado anamwambia njoo tucheze. Ukisikiliza vizuri kuna sauti inaswaga nyuma ya ngoma, swaa, swaa, nilidhani ni burashi za mpiga ngoma, kumbe ni ufagio. Ufagio wa kufagilia, wameufagia sakafuni wakarekodi! Tangu nijue hilo siwezi kusikia kingine. Na nyuma kabisa yuko Linda Ronstadt anaitikia.

Mwanzoni nilikuwa nasema Harvest Moon basi, hakuna mjadala. Sasa hivi nasema angalia kalenda. Huo mwezi anaouimba ni mwezi mpevu wa kuelekea mavuno, mambo ya Septemba, kwa hiyo unaendana na ile wikendi ndefu ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, jioni imeanza kuingia ubaridi mtu anaomba sweta la mwenzie. Julai na Agosti gati ni la Bobcaygeon. Kama mnakodi mara moja tu kwa mwaka na ni Agosti, usibebe zote mbili, beba mmoja, maana ukizipanga zikafuatana zinaibiana.

Watu wa Manitoba watanisema nisipowataja The Weakerthans, One Great City! ya 2003, gitaa moja na jamaa anayesema wazi kwamba anauchukia mji wa Winnipeg, na jina la wimbo kalitoa kwenye kaulimbiu ya mji wenyewe. Ni kama mtu wa Dar anavyolalamikia joto na foleni kila siku, mwambie basi rudi kwenu, anakuuliza kwetu wapi. Mzuri, ila uweke kama kuna mtu wa Winnipeg karibu, wengine hawataelewa utamu. Na kama uko huko Julai achana na simu, nenda Winnipeg Folk Festival pale Birds Hill ukasikilize watu wakipiga mbele ya macho yako, ipo tangu 1974.

Na wale wasio na gari wala koteji? Kiangazi cha wengi wetu ni mjini, kwenye ngazi za fleti, feni dirishani. Hapo nalinganisha washairi wawili ambao umri wao umepishana miaka zaidi ya sitini. Leonard Cohen wa Montreal na Suzanne yake ya 1967, ambayo ilianza kama shairi kabla ya kuwa wimbo, kuna mto, kuna chai na machungwa, kuna kanisa la mabaharia lililotazama bandari. Na Mustafa wa Toronto, mtoto wa wazazi waliotoka Sudan, kakulia mtaa wa Regent Park huko huko Toronto, alianza na mashairi akiwa mdogo kabla hajashika muziki, albamu yake When Smoke Rises ilitoka 2021, na ndani yake kuna Stay Alive, anawabembeleza wenzie wa mtaani wabaki hai tu, basi, hajaomba kingine. Gitaa ni lile lile la akina Lightfoot ila majina na mitaa ni ya watu kama sisi. Mdogo wangu kwa sababu anaishi Toronto namwekea Mustafa, saa tano usiku kwenye treni ya mtaani akitoka kazini. Suzanne aende nao Montreal, akauskilize kwenye mawe ya bandari ya zamani ndo utamfungukia. Kuusikiliza kwenye fleti ya Scarborough ni kama kula urojo nje ya Zanzibar, unashiba ila sio wenyewe.

Mwisho moto. Moto wa usiku hautaki spika, unataka midomo, kwa hiyo uliza kitu kimoja tu: watu wataitikia? Stan Rogers ana mbili. Barrett's Privateers, ya maharamia wenye kibali mwaka 1778, wanaume wanagonga meza wanaitikia kwa nguvu, raha sana ila kuna laana kwenye kiitikio na watoto hawajalala. Northwest Passage ya 1981 haina ala hata moja, mmoja anatoa wote wanapokea, kama wavuvi wanavyovuta jarife, inamtaja Franklin, nahodha Mwingereza aliyepotelea kwenye barafu za kaskazini akitafuta njia ya meli. Rogers mwenyewe alikufa 1983 kwenye ndege iliyoshika moto, alikuwa na miaka 33 tu. Kati ya hizo mbili, Northwest Passage, bila kufikiri.

Ila kwenye moto wetu haikushinda yoyote. Mwaka jana mwezi wa tisa tulikuwa uani kwa rafiki yetu mmoja, moto kwenye ringi ya gari, na jirani Mkanada kaja na gitaa akaanza Four Strong Winds, wa Ian na Sylvia, wa mwaka 1963, ule ambao wasikilizaji wa redio ya CBC mwaka 2005 waliupigia kura kuwa wimbo bora wa Kanada wa wakati wote. Una mistari mirefu mirefu, hauna haraka. Shemeji, yule yule wa Mwanza, akaniinamia. "Kwani huyu anaimba nini?"

Nikasita, nikakumbuka ya Wasaga. Nikamwambia ni mwanaume anaondoka kwenda Alberta kutafuta kazi, anamwambia mwanamke mambo yakininyookea nitakutumia nauli unifuate, ila mpaka hapo itakuwa ishafika baridi, na upepo wa huko ni mkali.

Shemeji alikuja huku peke yake, akakaa miaka miwili ndo akamleta dada yangu. Akaangalia moto muda mrefu, jirani akafika mwisho, watu wakapiga makofi. "Mwambie arudie toka mwanzo."

Dada alikuwa anageuza mahindi. Yeye nauli ilimfikia mwezi wa pili, akatua uwanja wa ndege wa Pearson na sandozi na kitenge, theluji imefika magotini. Bila kugeuka akasema, "Huyu angalau kasema mapema kama kuna baridi."